Woga wa Wahome wa Buti

Wazee wetu, akina mama, wachungaji, na ninyi mliovaa kofia pana hapo nyuma, familia inawaomba mketi, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko ile iliyochapishwa kwenye kijitabu mlicho nacho mkononi, na atakayeisoma ni Waiyego, dada mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kusoma jambo lolote upesi na hataanza leo.

Marehemu Josphat Wahome Gichuru, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Wahome wa Buti, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 mjini Nyeri, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Gichuru wa Munene na marehemu Mama Wamucii. Jambo la kwanza ambalo familia imeagizwa kulisema juu yake ni kwamba alikuwa mwoga. Hayo hayakusemwa na adui yake, aliyaandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu kwenye daftari, mwezi wa Julai mwaka huu, na chini yake akapiga mistari miwili, kwa hiyo msimtazame msomaji kwa jicho baya.

Mwaka 1971 familia ilihama kutoka Nyeri ikaja kijiji cha Ziwa, kwenye ekari kumi na mbili ambazo Mzee alipata kupitia chama cha kununua mashamba, na katika safari ile marehemu alilia kuanzia Nyahururu hadi hapa Eldoret, kwa kuwa kaka yake mkubwa, Munene, alikuwa amemwambia kwamba huku kuna fisi wanaoingia kwa madirisha. Munene yupo hapa mbele na hajakana. Marehemu alianza shule ya msingi karibu na nyumbani Januari 1973 akaimaliza Novemba 1979, na katika miaka hiyo yote, penye nyumba yenye mbwa, alikuwa akimtanguliza Waiyego, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka miwili, kisha yeye anafuata nyuma akiwa ameshika mkoba wake kifuani. Masomo ya upili aliyapata Moiben, kuanzia 1980 hadi 1983, akapita vizuri kwa Kiingereza na vibaya kwa mengine yote.

Kiingereza hicho hakukipata darasani. Mzee Gichuru alikuwa ametundika redio kwenye banda la kukamulia, akishikilia kwamba ng'ombe hushusha maziwa vizuri wakisikia gitaa, na kila Jumapili mchana redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha muziki wa country, basi marehemu alikaa pale na ndoo katikati ya magoti, akisikiliza wanaume wa Amerika wakilia kwa sababu ya garimoshi, jela, mama mzazi na mke aliyekwenda zake. Alizishika nyimbo zile zote. Hakuimba hata moja mbele ya baba yake, maana Mzee alikuwa na mkono mwepesi, na aliamini kwamba redio ilikuwa ya ng'ombe, haikuwa ya watoto.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha nguo hapa mjini, kuanzia Februari 1984 hadi Juni 1991, na alipotoka huko alifungua duka la chakula cha mifugo pamoja na mkewe, duka ambalo wakulima wa Soy na Moiben mnalijua. Lakini kazi iliyompa jina ilianza Jumamosi moja ya mwaka 1988, alasiri, kwenye hoteli ya nyama choma, alipopanda jukwaani mara ya kwanza akiwa na gitaa la kuazima na buti alizonunua mtumba, zilizomzidi namba mbili. Kabla ya kupanda alitapika nyuma ya jiko. Aliyemshikia ndoo ni Wepukhulu, kijana wa Bungoma aliyepiga gitaa la besi, na ndoo hiyo Wepukhulu aliendelea kuishika kila Jumamosi ya kuimba kwa miaka thelathini na mitano, kwa sababu marehemu hakuwahi kupanda jukwaani hata siku moja bila kutapika kwanza, ninyi mlimwona tu akitokea na kofia yake anatabasamu.

Kilichomtofautisha marehemu na waimbaji wengine wa country wa hapa kwetu ni historia. Kabla ya kila wimbo aliwasimulia watu maisha ya mwimbaji wa zamani aliyeutunga, alizaliwa jimbo gani, baba yake alilima pamba au alichimba makaa, gitaa la kwanza alilipata wapi, alioa mara ngapi, alilewa akavunja nini, alisafiri kwa basi gani usiku na mchana akiimba, na watu waliacha mifupa kwenye sahani wakasikiliza. Maisha hayo aliyatoa kwenye majalada ya santuri, kwenye magazeti ya zamani aliyonunua kwa wauza vitabu vya barabarani, na miaka ya baadaye kwenye simu, akayajaza kwenye madaftari, hata ikawa anajua habari za wazee wale wa Amerika kuliko za wajomba zake. Lakini kuna mahali alipokuwa akikatiza siku zote. Akifika kwenye ugonjwa na kifo cha mwimbaji aligonga gitaa, akaanza wimbo. Dada yake alipomuuliza sababu, alijibu, "Watu wamelipia nyama, Waiyego, sitawasomea matanga." Tumekuja kujua baadaye kwamba katika daftari moja alikuwa na ukurasa wenye umri wa kila mwimbaji alipofariki, na kila tarehe 14 Aprili aliufungua akajilinganisha nao, akiwa amefunga mlango wa stoo.

Alimwoa Nyakio, ambaye ameketi hapa mbele yenu, kwa mila zetu mwaka 1991, na wakafunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 11 Desemba 1993, siku ambayo bwana harusi alitetemeka hadi pete ikaanguka, na mchungaji akaitafuta kwa magoti. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gichuru, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1992, ambaye sasa ndiye anayeendesha duka, na Cate Wamucii, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1996, anayefanya kazi Nairobi. Familia iliishi mtaa wa Munyaka kwa amani, isipokuwa ile Januari ya 2008, ya ghasia za uchaguzi, ambayo hakuna aliyekuwa hapa anayehitaji kusimuliwa, ambapo jirani yao wa dukani, Guled, aliwaficha wote wanne siku tisa kwenye ghala lake la mabati na simiti, naye mkewe Anisa akawa anawapelekea chakula chini ya buibui. Baada ya hapo marehemu hakuimba kwa muda wa miaka miwili. Aliporudi jukwaani watu waliona sauti yake ni ileile, laini, safi, kama ya mwanakwaya, na hilo lilimuudhi, kwa sababu katika kusoma maisha ya wazee wale alikuwa amejitungia imani moja, kwamba sauti ya country si sauti mpaka shida iikwaruze, na akasema kwa uchungu kwamba hata mabati ya Guled hayakumkwaruza.

Sasa tunafika kwenye ukurasa wa tatu wa kijitabu chenu, mahali palipoandikwa kwamba marehemu alitutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kamati ya mazishi iliandika hivyo kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuandika, na Munene kama mwenyekiti aliona aibu kutaja ugonjwa mbele ya watu. Marehemu aliacha neno tofauti. Aliandika kwamba yeye aliwaficha watu sehemu hii katika maisha ya waimbaji wote aliowahi kuwasimulia, na ya kwake isomwe yote, bila kugonga gitaa. Kwa hiyo mwenye kalamu aichukue, afute neno mfupi, maana ni miaka mitatu na miezi saba.

Mwezi wa Februari 2022 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza. Mtu mwingine angekunywa tangawizi, na isipopona aende hospitali, lakini huyu alikuwa amengoja mkwaruzo huo tangu alipokuwa na ndoo magotini, akaupokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nasi tukamsaidia kupotea. Kwenye nyama choma watu walisimama, wakarusha kofia, vijana wakamwambia, "Mzee, sasa umeiva." Wepukhulu alimwambia, "Sasa ndio umefika, ndugu yangu, ile ingine ilikuwa ya kanisani." Naye Waiyego, anayewasomea, siku ya Pasaka mwaka huo, familia ikiwa imekusanyika Ziwa, alimshika mkono akamwambia kwamba hatimaye anaimba kama mtu aliyeishi. Maneno hayo amelazimika kuyasoma mbele yenu kwa kuwa alipewa kazi ya kusoma ukweli, na ukweli haukumruka yeye.

Mambo yalimwendea vizuri kwa namna ya kutisha. Kadiri koo lilivyoharibika ndivyo jina lilivyopaa, redio mbili za hapa zikamwita, akaimba Nakuru mwezi wa Agosti, akaimba Nairobi tarehe 20 Oktoba 2022 mbele ya watu elfu nne, mwanamume wa miaka hamsini na sita ambaye kwa muda wote huo alikuwa amewaimbia wakulima na wachoma nyama. Cate alimsikiliza kwa simu, akamwambia, "Dad, hiyo sauti si ya homa, homa huwa inaisha." Nyakio hakusikiliza sauti, aliangalia sahani, akaona ugali umekuwa uji, uji umekuwa maziwa, na asubuhi moja akamkuta kwenye mfereji wa nyuma ya duka akifua leso ya mfukoni, mtu ambaye tangu waoane hakuwahi kufua hata soksi, na maji yaliyokuwa yakitiririka chini yalikuwa mekundu. Alisema amejikata na bati la gunia. Magunia hayana bati, na wote wawili walikuwa wakiyauza kwa miaka thelathini, lakini Nyakio aliogopa kumuuliza tena, naye aliogopa kuulizwa, wakaingia dukani wakahudumia wateja.

Daftari linasema hivi, "Nilijua tangu Agosti. Sikwenda hospitali kwa sababu huko wangekipa jina." Mficha maradhi kifo humuumbua, hiyo sote tulifundishwa, na wengine wetu tukaifundisha darasani kwa miaka thelathini.

Cate alikuja kutoka Nairobi, akampeleka hospitali kwa nguvu Jumatatu tarehe 17 Aprili 2023, siku tatu baada ya kutimiza miaka hamsini na saba. Daktari alipitisha mpira wenye kamera puani hadi kooni, akachukua kinyama cha kupimwa, na majibu yaliporudi wiki iliyofuata yalikuwa saratani ya koo, imeshika kikoromeo. Daktari alimwambia waziwazi, "Mzee, tukiondoa hicho kikoromeo sasa, utaishi, lakini hutaongea kwa sauti yako tena. Tukikiacha, utaimba kwa miezi, sijui mingapi." Marehemu alishukuru kwa adabu, akaomba kwenda choo, akatokea kwenye lango la hospitali, akapanda bodaboda hadi dukani, ambako Gichuru alimkuta ameketi nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe, kadi ya hospitali mkononi. Hakuogopa kufa, aliandika baadaye, au aliogopa kufa kidogo. Alichoogopa ni kuamka mahali fulani afungue mdomo, kisitoke kitu.

Jumapili tarehe 30 Aprili tuliketi Ziwa kuamua. Munene alisema tuongeze maombi. Waiyego alisema kwamba Mungu hawezi kumpa mtu sauti mwaka jana akaagiza ikatwe mwaka huu, na aliyasema hayo kwa ile sauti ya mwalimu ambayo watu huitikia kabla ya kuielewa. Cate alilia, akaambiwa yeye ni mtoto. Nyakio alingoja wote wamalize, kisha akasema, "Mimi sikuolewa na sauti. Wakate, mniachie mtu." Marehemu alimtazama mkewe, kisha akatutazama sisi, akachukua maneno yetu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mepesi kubeba. Wapo watakaosema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio lake lilisikia vizuri, sisi ndio tuliosimama mlangoni.

Ikafuata miezi sita ya mizizi ya kuchemsha, maombi ya kufunga, na maonyesho. Aliimba mara ya mwisho Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023, nyimbo tatu, na walioketi mbele wanasema kati ya mstari na mstari alisikika akivuta pumzi kama pampu ya baiskeli, wakadhani ni mtindo. Tarehe 9 mwezi huohuo, saa nne asubuhi, pumzi ilikataa kabisa, akaangukia kaunta ya duka, na Guled, mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye mgongo mbovu, alimbeba peke yake hadi kwenye pikapu akamwendesha akibonyeza honi njia nzima. Walimtoboa shingo ili apate hewa. Upasuaji ule aliokuwa ameukimbia ulifanywa tarehe 23 Januari 2024, na ulikwenda vizuri, lakini daktari alitoka akatuita wote kwenye korido, akatuambia kwa upole, bila kumlaumu mtu, kwamba ugonjwa ulikuwa umeshuka kwenye mapafu, na kwamba ule mwezi wa Aprili wa mwaka uliopita ulikuwa bado kooni peke yake. Familia ilisikia maneno hayo ikiwa imesimama kwenye mstari mmoja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtazama Nyakio machoni, ingawa yeye hajawahi kutaja kile kikao cha Ziwa, wala hatakitaja, ndivyo alivyo.

Marehemu aliishi bila sauti kwa mwaka mmoja na miezi saba. Alijaza madaftari kumi na moja, akitaka chai aligonga kikombe, akikasirika aliandika kwa herufi kubwa, na Nyakio alimsomea kwa sauti yale aliyowaandikia wageni, hata matusi. Mwezi wa Mei mwaka huu aliandika hivi, "Kunyamaza si kubaya kama nilivyodhani. Nikiandika, Nyakio anasoma, na yeye ana sauti nzuri kuliko yangu. Ningejua ningekubali siku ile." Mstari huo wa mwisho ndio uliofanya familia ikubali yote haya yasomwe.

Alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani Munyaka, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Hatutawadanganya kwamba aliondoka kishujaa. Aliomba daftari, akaandika neno moja, Naogopa, na Nyakio, badala ya kumjibu kwa mdomo, alichukua kalamu akaandika chini yake, Mimi pia, kisha akapanda kitandani akalala kando yake, mpaka mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule ambaye alimwambia ukweli mapema na hakumcheka alipotoroka. Tunamshukuru Guled na Anisa, ambao wametubeba mara mbili. Tunawashukuru majirani wa Munyaka, kanisa, wakulima walionunua dukani hata pale lilipokuwa na magunia sita, na mashabiki mliovaa kofia leo, ambao mtatusindikiza hadi Ziwa kwa mazishi.

Shukrani za mwisho ni kwa mwenzake wa kazi, Wepukhulu, ambaye ametangulia kuzungumza hapa akitoa rambirambi. Sote tumeisikia sauti yake inavyokwaruza. Mkewe, Aluoch, ametwambia imekuwa hivyo tangu mwezi wa Mei, na wote tumewasikia vijana waliosimama pale nyuma wakipiga makofi na kusema kwamba mzee naye sasa ameiva. Familia inawaomba vijana hao wasirudie tena. Wepukhulu, umeandikishwa kliniki Jumatatu saa mbili asubuhi, Guled atakuja na gari mlangoni kwako, Nyakio atakaa ndani yake pamoja nawe, na Waiyego atakuwa kwenye lango la hospitali, la mbele, na Gichuru kwenye lile la nyuma. Tunaona kutoka hapa kwamba unaogopa. Utakwenda ukiogopa hivyohivyo.

Nawe Wahome, mwana wa Gichuru, umeogopa vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.